Mlekwa Hana wa Kumtua

Porini watu hawaitani kwa mdomo. Hilo Eustadia alilijua kabla hajajua kuandika jina lake. Mkishaachana kiasi cha kutoonana, mdomo unaufunga. Ukimtaka mwenzako unageuza shoka, unagonga kwa kisogo chake kwenye shina la mti, kisha unanyamaza na kusikiliza. Naye akiwa hai atagonga. Mtaongozana hivyo kwa kugongeana mpaka mtokezeane uso kwa uso, na hapo ndipo mtasalimiana kama watu.

Atakayekuita kwa mdomo kutoka usikomwona, huyo si mtu. Huyo ni Mlekwa.

Marko Masolwa, baba yake, alikuwa mrina asali wa Ntalikwa, na habari za Mlekwa alimpa binti yake bila kumtisha, kama mtu anavyoeleza tabia za jirani mkorofi. Ni mrefu, alisema, ila shingo yake imezama mabegani kama kigingi kilichogongwa kikaishia. Anatembea upande upande, nyayo hazikanyagi sawasawa. Kichwani ana mzigo ambao hakuna anayeuona. Sauti za watu wote anazo. Atakuita kwa sauti ya mama yako, na ukiitika tu atakuambia, "Njoo unitue." Ukienda kumtua, mzigo unahamia kwako, yeye anakwenda zake, na wewe ndiye unayebaki.

"Sasa nikimsikia nifanyeje, baba?"

"Unanyamaza. Unampa mgongo. Kama unaweza kuondoka unaondoka, polepole, bila kugeuka."

"Na kama ni mama kweli?"

"Mama yako anajua kugonga."

Eustadia alimaliza darasa la saba, matokeo yakaja kama yalivyokuja, akabaki nyumbani na wazazi wake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na subira ya kuangalia. Angeweza kukaa ukingoni mwa shamba la karanga asubuhi nzima mpaka ajue panya anatokea shimo lipi, na baba yake alisema kichwa cha namna hiyo kingefaa sana kwenye nyuki kama si kwamba mwenye nacho ni msichana. Basi kazi yake ikawa kupeleka ndoo za asali mjini, Kanyenye, kwa bibi Batuli.

Bibi Batuli alikuwa mtu wa mjini hasa, kwao ni hapo hapo tangu zamani za misafara. Asali aliichuja kwa kitambaa cheupe uani kwake, akaiweka kwenye chupa, akaiuza barazani pamoja na ubani na mdalasini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba yako hajaliwa na nyuki bado?"

"Nyuki wamemkinai, bibi."

"Basi ni mchungu huyo. Mama yako ana kazi." Akaonja asali kwa kidole. "Hii ya huku huku karibu. Ile nyeusi ya pori la mbali mbona siku hizi hamniletei?"

"Atakwenda wiki hii. Ila hapendi kwenda huko. Mizinga ya huko iko karibu na njia ya wapagazi, anasema pale Mlekwa hakauki."

Bibi Batuli akaacha kuchuja. Asali ikaendelea kudondoka yenyewe, nzito, bila sauti.

"Nani hakauki?"

Eustadia akamweleza: shingo, miguu, mzigo. Alieleza huku akicheka kidogo, kwa kuwa alikuwa mjini, na mjini mambo hayo hupungua uzito. Bibi Batuli hakucheka.

"Kwenu mtu akimwacha mwenzake mnasemaje? Kwa Kinyamwezi."

"Kuleka."

"Na yule aliyeachwa?"

"Mlekwa," alisema Eustadia. Jina hilo alilisikia tangu hajaota meno, akalitamka maisha yake yote, na hata siku moja hakuwahi kulisikiliza. Lilikuwa jina tu la kitu cha porini.

"Babu yake bibi yangu alikuwa Mlekwa," alisema bibi Batuli. "Alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, na pembe ya ndovu kichwani. Hakupenda kuja, aliletwa. Walipokaribia huku kwetu miguu ikamshinda, nyayo zimekuwa vidonda vitupu. Msafara haumsubiri mtu. Pembe wakampa mwingine, yeye wakamkalisha chini ya mti wakaanza kuondoka. Akawaita. Walikuwa wametoka kijiji kimoja, aliwajua wote kwa majina na majina ya mama zao. Akaita mmoja mmoja. Wakamsikia. Hata mmoja hakugeuka."

"Mioyo migumu."

"Ingekuwa migumu wasingehitaji kudanganywa. Kirangozi, yule anayetangulia msafara, alikuwa kashawaambia. Anayebaki nyuma hawi mtu tena, kitu kinaingia ndani yake. Kitawaita kwa sauti yake. Atakayeitika, mzigo wa aliyebaki ni wake. Na hapo hakusema uongo, mjukuu wangu, maana siku zile aliyegeuka alikuwa akipigwa na kubebeshwa vya wawili. Basi wakaenda. Wale waliotangulia wakafika, wakazaa, wakawaambia watoto wao kuna kitu kule porini kinaita. Wangewaambia nini kingine?"

"Yeye akaponaje?"

"Wakampitia watu wa msafara wa nyuma. Wale hawakujua jina lake, wala yeye hakujua ya kwao. Ndio waliomwokota." Bibi Batuli akarudi kwenye kitambaa chake. "Bibi yangu alikuwa akituigizia alivyokuwa. Shingo imezama kwa pembe, anatembea upande upande kwa yale makovu. Alizeekea mtaa huu huu. Akiingia uani watoto wa watu wanakimbia, na yeye hakuwahi kumgusa mtu."

Njia nzima ya kurudi Eustadia alikuwa na yule mtu chini ya mti. Alifika nyumbani akamkuta baba yake anasokota kamba ya magome, shoka limeshanolewa, mfuko wa unga umefungwa. Alikuwa anaondoka na mwenzake wa siku zote, mzee Sabiri, kwa baiskeli, kabla jua halijapinda.

"Baba, leo nimesikia habari ya Mlekwa."

Mama yake, Consolatha, aliyekuwa anapepeta mtama, akagonga ungo kwa kiganja. "Wewe. Mtu anatoka kwenda porini unamtajia hayo?"

"Si baya, mama. Ni kwamba—"

"Utaniambia nikirudi," alisema Masolwa. Akavuta fundo la kamba kwa meno, akalikagua, akaridhika nalo. "Habari ya Mlekwa haiozi."

Hakurudi.

Aliyerudi ni Sabiri, peke yake, baiskeli anaikokota, na Consolatha alipomwona anavyokuja na macho yake chini akakaa hapo hapo kwenye mavumbi. Masolwa alikuwa ameondoka kambini asubuhi ya jana kwenda kwenye mizinga ya ng'ambo ya mbuga. Jioni hakuonekana. Sabiri alizunguka akigonga mpaka giza, akagonga tena alfajiri, hakujibiwa.

Wakakusanyika wanaume wa jirani, akiwemo Adinani fundi baiskeli, ambaye hakuna msiba wala harusi iliyompita. Eustadia akajifunga khanga kiunoni, akachukua shoka la nyumbani.

"Wewe unakwenda wapi?" Adinani alimwuliza. "Kule hakuna kisima."

"Nakwenda kumtafuta baba yangu."

"Mwache," alisema Sabiri. "Ana masikio kuliko wewe."

Wakaondoka kwa pikipiki mpaka barabara ilipokwisha, halafu kwa miguu. Pori lilikuwa kavu, majani ya miombo yamekunjamana chini na kila hatua inapiga kelele, mbung'o wanauma juu ya nguo. Mbele kidogo ya kambi ikatokea ile njia ya wapagazi. Si njia tena, ni mistari miwili ya miembe mikubwa katikati ya pori lisilo na nyumba, mirefu, imekaukia juu, imejipanga kwenda magharibi. Hapo ndipo walipotawanyika. Adinani na wenzake wakashika upande wa mbuga, Sabiri na Eustadia wakafuata miembe.

Sabiri akagonga. Wakasikiliza. Upepo. Wakasogea, akagonga tena. Simu za watu zilikuwa mifukoni zimekufa, huko mtandao haufiki, na hata ungefika, Masolwa simu yake aliiacha nyumbani juu ya kabati kama kawaida yake.

Alasiri Eustadia akasikia kitu. Kilikuwa chembamba sana, upande wa kusini, tk, tk, halafu kimya. Akainua mkono. Sabiri akasimama, akatega sikio lake zima, lile la kulia.

"Kigong'ota," alisema. "Ndege."

"Kinagonga tukigonga."

"Nao huigana. Baba yako shoka lake ni zito, ningelijua hata usingizini."

Akagonga tena. Upepo ukavuma, miembe ikavuma nao, na kilichojibu, kama kilijibu, kikapotea humo. Jua lilikuwa limeshaanguka upande. Eustadia alikuwa akimwangalia mzee Sabiri anavyogonga, namna bega lake lilivyochoka, na ndani yake hofu ikawa inapanda. Kama baba ameumia. Kama shoka limemponyoka. Mtu asiye na shoka atagonga na nini? Sauti kila mtu anayo, hata aliyelala chini. Na kinachomzuia kuitumia ni nini? Ni uongo wa kirangozi mmoja aliyekufa zamani, aliyetaka pembe zake zifike. Aliyaona yale majina yanaitwa moja moja nyuma ya migongo ya watu. Hakuna hata mmoja aliyegeuka, na yote kwa ajili ya neno.

Akaweka viganja mdomoni.

"Baba ee! Baba, itika! Ni mimi, Eustadia!"

Sabiri alimrukia, akamshika mkono. "Nyamaza. Nyamaza, mtoto wewe."

"Mlekwa alikuwa mtu, mzee Sabiri. Alikuwa mpagazi, walimwacha hapa hapa. Hakuna kitu kinachoita. Bibi Batuli—" Akajinasua, akaita tena, kwa nguvu zaidi, sauti ikapasuka. "Baba! Uko wapi? Niitikie, nakuja!"

Wakasikiliza. Upepo ulikuwa umetulia kama kwa makusudi. Pori lote lilikuwa kimya, na katika kimya kile Eustadia akatambua kwamba kile kigong'ota nacho kimenyamaza.

"Hayo unayajua wewe," alisema Sabiri. Hakusema kwa ukali. "Yeye nani kamwambia?"

Eustadia alisahau shoka lake mwenyewe, akampokonya Sabiri la kwake, akagonga. Akagonga mti huu, akakimbia, akagonga ule, mpaka magome yakaruka na viganja vikachubuka. Walikwenda upande wa kusini hadi giza likawafunga macho, na hakuna kilichogonga tena.

Kulipokucha waliukuta mti. Haukuwa mbali. Mzinga ulikuwa chini umepasuka, nyuki wametapakaa juu ya masega, kamba imekatika pale penye fundo, na shoka la Masolwa liko juu bado, limeng'ang'ania kwenye panda. Chini palikuwa na damu iliyokauka na jiwe la ukubwa wa ngumi. Mzizi wa mti ulikuwa umechubuliwa mahali pamoja, tena na tena, mpaka weupe wake ukatokea.

Sabiri aliliokota lile jiwe, akaliangalia, akaliweka chini palepale lilipokuwa.

Kutoka hapo kulikuwa na buruzo. Mtu aliyevunjika nyonga hakimbii. Alikuwa amejivuta kwa viwiko, majani yamesukumwa pembeni, na mahali pengine kucha zimeacha mistari kwenye udongo. Buruzo hilo lilikwenda moja kwa moja, bila kuyumba, likiipa mgongo miembe. Eustadia alilifuata akiwa anajua lilikoanzia na kwa nini. Hakuhitaji kuelezwa.

Walimkuta kwenye korongo, amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani. Sabiri akagonga kwanza, kwa adabu, kwenye mti wa ukingoni. Kidole cha Masolwa kikagonga udongo.

Wakashuka wote, akina Adinani nao wakiwa wamefika. Eustadia akamwinua kichwa, akamdondoshea maji mdomoni. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini macho yalimtambua, na ndani ya macho yale mlikuwa na kitu ambacho hakukitegemea. Baba yake alikuwa anajivuna.

"Kapita," alisema. Ilibidi wote wainame. "Jana jioni. Nilikuwa nawasikia mnagonga, nawajibu. Halafu akaja yeye. Kaja na sauti yako, mwanangu. Yako kabisa, na kulia kwako." Akapumzika. "Sikuitika. Nikampa mgongo."

Mzee Sabiri alisimama akaangalia juu, kwenye ukingo wa korongo.

Eustadia aliyashika maneno mdomoni. Alikuwa nayo yote: mtu chini ya mti, kirangozi, kuleka. Baba yake alisema amwambie akirudi, na sasa alikuwa hapa, kichwa kwenye mapaja yake, anasubiri kitu. Hakikuwa hiki.

"Umefanya vyema, baba," alisema.

Masolwa akafumba macho, ameridhika, kama alivyoridhika na lile fundo.

Walikata miti miwili, wakafungia khanga na shuka, wakambeba kwa zamu. Alikata roho kabla hawajaifikia barabara, bila fujo, hata waliombeba mbele hawakujua mpaka Eustadia aliposema wamteremshe.

Kwenye matanga Adinani ndiye aliyesimulia. Alisimulia vizuri, lazima tuseme, na alikuwa kayasikia kwa masikio yake kutoka kwa marehemu mwenyewe. Watu walikaa mikekani wakatikisa vichwa. Mlekwa sasa ana sauti ya Eustadia. Wanawake wakamtazama, wakatazama pembeni.

Bibi Batuli alikuja kuhani, khanga nyeusi, akakaa naye nyuma ya jiko. "Ulimwambia?"

"Alisema akirudi."

Bibi kizee alimshika mkono ule uliochubuka, akaugeuza geuza, akauachia.

Sabiri alimngoja mpaka watu walipopungua. "Mimi sijasema kitu wala sitasema. Wamekwisha kuamini ni Mlekwa, waache. Ukitamka kwamba ni wewe, mama yako atalala vipi nyumba moja na wewe? Bora awe yule."

"Yule naye alikuwa mtu."

"Najua. Uliniambia." Alisugua sikio lake zima. "Ndiyo maana nasema bora awe yule. Yeye hana mama hapa."

Basi akanyamaza. Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi kwenye mashamba yao, na kwa Eustadia vitu vikaanza kupungua kidogo kidogo. Akimwita mtu njiani kutoka nyuma, mtu anaongeza mwendo. Watoto waliokuwa wakimkimbilia anaporudi kutoka mjini sasa walisubiri kwanza wamwone uso. Mama mmoja alimwomba radhi: "Si wewe, mwanangu, tunakujua. Ni ile sauti." Yeye akasema haina neno. Ilikuwa na maneno mengi mno.

Siku moja alikwenda kuchanja kuni ng'ambo ya shamba. Alikusanya nyingi, kwa sababu kufanya kazi kulikuwa afadhali, akazifunga, akajitwika kwa shida akiwa peke yake. Mzigo ulikuwa mkubwa. Nusu ya njia shingo ikaanza kuingia mabegani, na mwiba uliokuwa umemchoma unyayoni ukamfanya akanyage kwa ubavu wa mguu. Alifika nyuma ya nyumba jua likiwa linazama. Upande wa mbele alisikia mchi, mama yake anatwanga, taratibu, peke yake.

Hakuweza kuinama. Angeutupa mzigo ungemvunja. Akasimama pale, mikono juu, jasho linamwingia machoni.

"Mama," aliita. "Mama, njoo unitue."

Mchi ukanyamaza.